UNYEVU ULIO CHINI YA MARANDA

Hapa kwetu Bunju, kando ya njia iendayo Bagamoyo, nyumba nyingi zina banda la kuku uani. Humo hutoka kitoweo cha wageni, ada za watoto na sadaka ya jirani. Basi si msiba mdogo mtu aamkapo siku za masika akawakuta vifaranga wake wa wiki nne wamejikunyata, mbawa zimelegea, na kinyesi kina damu.

Wengi wetu husema, “Ni kideri,” kisha wakakaa kungoja kudura. Sivyo. Kideri ni maradhi mengine, na chanjo yake haizuii haya. Huku kuhara damu ni koksidiosisi, iletwayo na vijidudu visivyoonekana kwa macho, viitwavyo Eimeria. Mbegu zake hutoka na kinyesi, na zikipata joto na unyevu huiva kwa siku moja au mbili. Kifaranga akidonoa huzimeza, navyo vijidudu vikazaana ndani ya utumbo hata ukachubuka na kutoa damu.

Kwa hiyo kinga ya kwanza ni ukavu. Tutie mkono katika maranda: mara nyingi juu pamekauka na chini pamelowa. Nanyi vijana, kazi hii ni yenu: yatoeni yaliyolowa, inueni vyombo vya maji visimwagike, watengeni vifaranga na kuku wakubwa, wala msiwasonge. Wakiugua, aitwe bwana mifugo mapema. Dawa ya amproliamu hutiwa katika maji ya kunywa, kwa kipimo na siku atakazoagiza.

Lakini liko zito zaidi. Wako wenzetu ambao wakiona kuku wameanza kujikunyata, huwakimbiza sokoni kabla hawajafa. Mnunuzi huwachanganya na wake, na banda la pili likaangamia. Tukumbuke Mtume wetu (S.A.W.) alipopita penye rundo la chakula cha kuuzwa, akatia mkono, vidole vikakuta unyevu. Mwenyewe akasema kimenyeshewa mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakione, kisha akabainisha kuwa mwenye kudanganya si katika wafuasi wake.

Basi kuku mgonjwa na atibiwe nyumbani; na aulizaye habari za banda letu aambiwe kweli, ijapokuwa biashara itavunjika. Hasara ya vifaranga hulipika. Haki ya mtu hutungoja Kiyama. Mwenyezi Mungu atujaalie chumo la halali. Amin.