Fahamu: Paralimpiki ilianzia wapi, na Kenya iliingiaje?

Julai 29, 1948, siku Olimpiki ya London ilipofunguliwa, daktari Ludwig Guttmann aliwashindanisha wanajeshi 16 waliojeruhiwa, wote kwenye viti vya magurudumu, kulenga shabaha kwa mishale katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Paralimpiki yenyewe inahesabiwa kuanzia Roma 1960. Kenya iliingia 1972, Heidelberg.

Kwetu anayekumbukwa zaidi ni Henry Wanyoike, aliyepoteza uwezo wa kuona mwaka 1995. Sydney 2000, mita 5,000, mwelekezi wake alikuwa mgonjwa, akaishiwa nguvu njiani. Asiyeona ndiye aliyemvuta anayeona hadi utepeni, maana kumaliza bila mwelekezi hakuruhusiwi. Dhahabu! Paris 2024, Samson Ojuka alituletea fedha ya kuruka mbali.

Na Eastlands? Kijana wa Kayole au Dandora mwenye kiti cha magurudumu hakosi kipaji. Anakosa matatu itakayosimama na kumpakia afike mazoezini. Makanga, msimwache stejini. Nanyi wazazi, msimfiche nyumbani: iulizeni Kamati ya Paralimpiki ya Kenya jinsi anavyoweza kuanza.