Bwana Kule

Wajukuu zangu, methali ya mgeni mnaijua: siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa jembe siku ya kwanza. Tena si ugenini, ni hapa hapa Pangani, kwetu.

Ilikuwa mwaka 1984. Nilikuwa nimekaa Leipzig miaka mitano nikisomea ufundi wa mitambo, katika ile Ujerumani ya Mashariki ambayo leo haimo kwenye ramani. Miaka mitano nikiota ndizi. Msicheke. Kule ndizi zilikuwa adimu. Zikisikika zimefika dukani, watu walijipanga foleni hata kwenye theluji, na mara nyingi ukifika mbele unaambiwa zimekwisha. Nikajiapiza: siku nitakayorudi nyumbani nitakula mkungu mzima peke yangu, na foleni sitapanga tena.

Nikarudi. Ndizi zilikuwepo, tele. Foleni nazo zilikuwepo: ya sabuni, ya sukari, ya kanga. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya Kagera, fedha za kigeni hakuna, rafu za maduka nyeupe. Mama alikuwa anafulia majani ya mpapai. Katika barua zake zote hakuligusa jambo hilo hata siku moja. Aliandika: sisi huku hatujambo, wasiwasi ni juu yako. Nami nilimjibu kwamba sijambo, wasiwasi ni juu yenu, wala sikumwambia kuwa majira ya baridi ya mwaka wa kwanza nililia usiku kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Nyinyi leo mna simu na picha kila saa, lakini msijidanganye. Simu hupelekewa harusi. Foleni ya sabuni hakuna anayeipiga picha.

Sasa sikilizeni vituko. Mama akaniletea chai, nikasema asante. Akaniletea muhogo, asante. Akaniletea maji ya kunawa, asante. Alipofika na kitambaa cha kufutia mikono nikaitoa asante ya nne, akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Unanishukuru mimi kwa chai? Kwani nimekuuzia?"

Nikataka kwenda kumwamkia baba mdogo. Nikamtuma mtoto aulize kama saa kumi jioni inafaa. Mtoto akarudi na jibu: "Kasema nyumba yake haina karani."

Kesho yake alfajiri... hapana, naongopa, ilikuwa jioni ile ile niliyofika, baba alinipeleka shamba la mihogo akanipa jembe. Hakuwa na ubaya. Alidhani ananionyesha kwamba nafasi yangu ipo bado. Kabla jua halijazama viganja vyangu vilikuwa malengelenge matupu, na majirani wakasimama njiani kutazama msomi anavyolima.

Lakini lililonichoma zaidi ni la barazani. Siku za mwanzo wenzangu walinisikiliza. Kule treni zinapita katikati ya barabara. Kule mtu akichelewa dakika tano anaomba radhi. Kule jua linatua saa kumi alasiri. Baadaye nikagundua kwamba kila nikitamka "kule", kuna mmoja anakohoa. Wakanibandika jina, Bwana Kule, na wazee wenzangu wachache waliobaki wananiita hivyo mpaka leo. Nikaacha kusimulia. Miaka mitano ya maisha yangu nikaifungia kwenye sanduku pamoja na koti la baridi, maana Pangani koti lile lingevaliwa lini?

Mtaniuliza, mbona kurudi kuume kuliko kwenda? Nimelifikiria sana. Ugenini mtu husamehewa. Leipzig nilipopanda tramu bila tiketi iliyogongwa muhuri, walisema huyu mgeni hajui. Nami mwenyewe nilijijua mgeni, nikawa macho, nikauliza, nikaiga. Nyumbani nilijiachia, nikidhani kila kitu nakijua. Na mwenyeji akikosea hakuna anayesema hajui. Husema anaringa.

Wala sikuwa wa kwanza. Huko ng'ambo ya maji, Unguja, kulikuwa na Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, sultani wa Unguja na Omani. Alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Wasichana wa ukoo wake hawakufundishwa kuandika, basi akajifunza kwa siri, akinakili herufi kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mtoto wa aina hiyo mnamjua: hakatazwi kitu akakatazika. Mwaka 1866, kwa sababu ya mapenzi na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, alitoroka usiku kwa manowari ya Waingereza. Huko Aden akabatizwa, akaitwa Emily, akaolewa, akahamia Hamburg. Mwaka 1870 mumewe akagongwa na tramu ya farasi, akafa, akamwachia watoto watatu wadogo katika mji wa baridi usio na jamaa yake hata mmoja.

Alirudi Unguja mwaka 1885, baada ya miaka 19. Hebu jiwekeni mahali pake. Alipoondoka, aliyetawala alikuwa kaka yake Majid. Sasa Majid amekufa, anatawala Barghash. Aliacha soko la watumwa lina watu. Akalikuta lilifungwa mwaka 1873 na kanisa limesimama mahali pale. Mikarafuu mingi ya utoto wake ilikuwa imeng'olewa na kimbunga cha mwaka 1872. Ufukweni kulikuwa na jumba jipya refu kuliko yote, Beit al-Ajaib, la mwaka 1883. Na kule Mtoni alikozaliwa? Magofu.

Barghash hakukubali kumwona. Mimi simtupii Barghash lawama zote, na wengine hapa watabishana nami. Dada hakurudi na sanduku na machozi tu. Alirudi ndani ya meli ya Wajerumani, wakati manowari zao zimeutazama mji, nao Wajerumani walimtumia kumtisha kaka yake. Hata hivyo naliona lile la mwanamke aliyekuwa binti wa sultani wa Kiarabu kila alipopita Hamburg, halafu alipofika kwao akawa Mzungu, Mkristo, mwenye nguo za kigeni. Barghash alipokufa mwaka 1888, Bibi Salme alijaribu tena. Hakupatana na ndugu zake mara hiyo pia. Alifariki Ujerumani mwaka 1924, akazikwa Hamburg, na kaburini aliwekewa kimfuko cha mchanga wa pwani ya Unguja.

Chukueni kijiti mchore hapo chini herufi W. Mwaka 1963 wataalamu wawili wa Marekani, John na Jeanne Gullahorn, waliwachunguza wenzao waliokwenda nchi za nje kusoma na kufundisha, wakasema moyo wa msafiri hupita njia hiyo. Anafika ugenini na furaha, yuko juu. Anaporomoka. Anazoea, anapanda. Anarudi kwao, anaporomoka tena, halafu anapanda. Nilipousikia mchoro huo nilikuwa na mvi tayari, nikacheka peke yangu, maana kumbe walishanichora kabla sijapanda hata ndege. Kasoro naiona kwenye mguu wa mwisho. Wameuchora unapanda kana kwamba ni lazima. Wangu ulichukua kama miaka miwili, mpaka siku pampu ya maji ilipoharibika, watu wakaja kunigongea mlango bila kuuliza saa ngapi inafaa. Wa Bibi Salme haukupanda.

Sasa nina neno nanyi. Shangazi yenu karudi mwezi uliopita kutoka Maskati, alikofanya kazi za ndani miaka minne. Niliwaona mlivyomzunguka. Masanduku yalifunguliwa kabla hajavua viatu. Juzi jioni, mkila kachori zake, akaanza kusema, "Kule Maskati..." Mmoja wenu akakohoa. Simtaji, anajijua.

Yeye akanyamaza, akachukua sahani akaanza kuzikusanya zingine.

Nikasogea kwenye mkeka nikampa nafasi. Nikamwambia, "Weka sahani hizo. Kule kukoje, mwanangu? Anza mwanzo."

Akanitazama kama anayepima iwapo nataka kweli. Kisha akaanza, na joto la uwanja wa ndege, usiku wa manane. Chai ikapoa. Adhana ya isha ikatukuta hapo hapo, na alikuwa hajamaliza hata wiki ya kwanza.