Kabla ya Kuongeza Sauti

Video nyingi za nyumbani zinazoletwa kusafishwa zina kasoro ileile: mtu anazungumza, midomo inaonekana ikienda, lakini sauti iko chini na mvumo umeifunika. Mwenye video amekwishajaribu kupandisha sauti mpaka mwisho, na mvumo ukapanda pamoja nayo. Haikosi kuwa hivyo, kwa sababu kilichoharibika si ukubwa wa sauti bali tofauti iliyopo kati ya sauti ya msemaji na kelele za pale alipo. Tofauti hiyo haiongezeki kwa kupandisha sauti.

Tuchukue video ya kawaida ya miaka ya 1990. Sebuleni, kesho yake harusi, babu anampa mjukuu wake wosia. Pangaboi linazunguka darini, jenereta inanguruma uani, na mpigaji amesimama upande wa pili wa chumba na kamera yake ya VHS. Maikrofoni imo kwenye kamera hiyo hiyo. Sauti hupungua kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu, kwa hiyo babu akiwa mita 4 kutoka kwenye kamera, sauti yake imeshapoteza desibeli 18 ukilinganisha na maikrofoni ambayo ingekaa nusu mita kutoka kinywani mwake. Injini inayozungusha mkanda, kwa upande wake, iko pua na mdomo na maikrofoni.

Kisha kuna mkanda wenyewe. VHS ya mfumo wa PAL, uliotumika kwetu, hutembea kama sentimita 2.3 kwa sekunde, karibu nusu ya mwendo wa kaseti ya redio, na kwenye kamera nyingi za bei nafuu sauti iliandikwa kwenye ukingo mwembamba tu wa utepe. Mwendo mdogo na ukingo mwembamba ndivyo vinavyozaa ile "shhh" isiyokatika.

Wapo wanaoshangaa kwa nini kelele huvimba babu anaponyamaza na kufifia anapoanza tena. Kamera hujirekebishia sauti yenyewe: ikisikia kimya, hufungua masikio zaidi, ikisikia mtu, huyapunguza. Simu nyingi za leo zina tabia hiyo hiyo. Liweke hili akilini, tutalihitaji.

Kazi yenyewe huanza kwa kutoa sauti kwenye video na kuihifadhi kama faili ya WAV, bila kugusa picha. Audacity, programu ya bure ambayo imekuwapo tangu mwaka 2000, inatosha kabisa. Vaa hedifoni. Spika ya simu haitoi sauti nzito, na huwezi kuondoa usichokisikia.

Kwanza ondoa mngurumo wa chini. Sauti ya mwanamume mtu mzima huanzia karibu hezi 85, hivyo kichujio kinachokata kila kilicho chini ya hezi 80 humwacha babu salama na kupunguza sehemu kubwa ya mtikisiko wa jenereta na upepo uliopiga maikrofoni. Mlio wa umeme hutaka kichujio chembamba zaidi, kwenye hezi 50 na marudufu yake: 100, 150 na kuendelea. Video iliyopigwa na ndugu aliyeko Marekani utaitafutia hezi 60, kwa kuwa umeme wa huko ndivyo ulivyo.

Baada ya hapo ndipo unapoikabili "shhh" na upepo wa pangaboi. Mbinu ni ya zamani. Mmarekani Steven Boll aliichapisha moja ya njia zake maarufu mwaka 1979. Unaionyesha programu kipande chenye kelele tupu, inajifunza sura yake katika kila masafa, kisha inaipunguza kwenye rekodi nzima. Wengi huchagua kimya kirefu kuliko vyote, na hapo ile tabia ya kamera inawaponza: kwenye kimya kirefu kelele imeshavimba kupita ile iliyo chini ya maneno. Chukua sampuli kwenye nafasi fupi, babu anapomeza mate kati ya sentensi na sentensi. Nusu sekunde inatosha.

Punguza desibeli 6, sikiliza, labda ufike 10. Ukizidisha, kelele iliyobaki hugeuka milio midogo ya kupandapanda, kama vindege vilivyofungiwa ndani ya bomba, na hiyo inaudhi kuliko feni. Audacity hukuruhusu pia kusikiliza kile kinachoondolewa. Ukisikia maneno humo, umeshaanza kumkata babu, rudi nyuma. Mimi huacha feni isikike kidogo, kwa sababu sikio huizoea upesi. Jogoo, honi na mtoto anayelia hawaondoki kwa njia hii, maana hawana sura moja ya kujifunza.

Sasa unaweza kuongeza sauti, ingawa kuna kikwazo kimoja zaidi. Ukiiambia programu ipandishe rekodi nzima hadi kilele kiguse kikomo, na kuna shangazi aliyepiga vigelegele mara moja karibu na kamera, kilele hicho kimoja kimekwishafika juu na babu hatapanda hata kidogo. Tumia kibana sauti: hushusha vilele, kisha huinua kilichobaki. Kama vigelegele vyenyewe vilizidi uwezo wa maikrofoni na vichwa vya mawimbi vikakatwa, ule mkwaruzo utapungua makali, lakini kilichokatwa hakirudi.

Siku hizi kuna programu za akili bandia zinazomaliza yote haya kwa kubofya mara moja, na kwa sherehe za kawaida nyingine zinafanya kazi ya kuvutia. Kwa wosia nazitumia kwa shingo upande. Nyingine hazichuji tu, hutengeneza upya sauti kwa kukisia, na Kiswahili hubeba mambo makubwa katika silabi moja: "nimekupa" na "nimewapa" hutofautiana kwa silabi hiyo, na shamba linaweza kuhama mikono. Penye neno lisilosikika, ni heri kelele ibaki, familia isikilize na ibishane yenyewe.

Ukirudisha sauti kwenye picha, angalia midomo mwanzoni na mwishoni pia, kwani mikanda iliyohamishiwa kwenye kompyuta hupenda kuachana taratibu. Kwenye WhatsApp, itume kama hati, si kama video; vinginevyo itabanwa upya na sehemu ya kazi yako itapotea njiani. Faili ya mwanzo, ile yenye feni na jenereta, usiifute. Programu za kusafisha zinaboreka, na utataka kuanzia pale pale.