Baruti Izeekapo Ghalani

Wengi hudhani kwamba hatari ya baruti imo kiwandani inakotengenezwa, na kwamba ikishafungiwa ghalani huwa imelala. Historia ya Ufaransa yaikanusha dhana hiyo.

Nchini humo baruti ilikuwa shughuli ya dola tangu zamani. Mwaka 1775 Lavoisier, yule yule ambaye wanafunzi humsoma katika habari za oksijeni, aliteuliwa kuwa miongoni mwa wasimamizi wa baruti ya mfalme. Mwaka 1884 Paul Vieille, mkemia wa serikali, alivumbua baruti isiyo na moshi mwingi, ikaitwa Poudre B. Asili yake ni nitroselulosi, yaani pamba iliyotiwa asidi ya naitriki.

Kasoro ya nitroselulosi ni kwamba haitulii. Polepole molekuli zake huvunjika na kutoa oksidi za naitrojeni. Oksidi hizo zikikutana na unyevu huwa asidi, na asidi huchochea molekuli nyingine zivunjike. Hivyo tendo hujiongezea kasi lenyewe, na kila hatua hutoa joto. Joto likizalika upesi kuliko linavyotoka, baruti hujiwasha bila kiberiti.

Ndivyo ilivyoaminika kuwa ilitokea Toulon. Tarehe 12 Machi 1907 manowari Iéna ililipuka ikiwa gudini pasipo maji, hata vyumba vyake vya baruti visiweze kugharikishwa. Manowari ya jirani, Patrie, ilipiga mzinga kwenye lango la gudi ili bahari iingie, kombora likadunda. Walikufa watu zaidi ya 100. Tarehe 25 Septemba 1911, bandarini humo humo, ikalipuka Liberté, wakafa wapatao 300. Lawama ziliielekea baruti ya serikali. Na ikumbukwe kwamba mtengenezaji alikuwa mmoja tu, wala wanamaji hawakuwa na duka jingine la kwenda.

Hapo awali baruti hiyo ilitunzwa kwa alikoholi ya amili, ambayo huvukiza na kwisha. Badala yake ikatumika difenilamini, inayozinasa oksidi kabla hazijaleta madhara. Lakini kila inaponasa, yenyewe hupungua. Kwa sababu hiyo viwanda vya namna hii, kama lilivyokuwa zamani shirika la umma SNPE lililorithi kazi hiyo Ufaransa mwaka 1971, havimalizi wajibu wao kwa kuuza: sampuli hupimwa mwaka hata mwaka, na shehena iliyoishiwa kinga huteketezwa, ijapokuwa haijafyatuliwa hata risasi moja.

Kwetu jambo hili lina uzito wake. Shirika la Mzinga la Morogoro lilianzishwa mwaka 1974, na wakazi wa Dar es Salaam walioshuhudia maghala ya jeshi yakilipuka Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011, kwa sababu zozote zile, wanajua gharama yake. Kanuni ya darasani husema kasi ya tendo huongezeka takribani maradufu kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Kwa nitroselulosi huzidi hapo. Basi ghala la nyuzi 35 huizeesha baruti zaidi ya mara mbili na nusu kuliko ghala la nyuzi 20, na ratiba ya upimaji iliyopangwa kwa ajili ya Ulaya haiwezi kutumika pwani bila kufupishwa.