Mwanachama na Ujenzi wa Chama: Mfano wa Chama cha Kijani cha Ujerumani

Katika madarasa ya siasa hutokea mara nyingi mwanafunzi akauliza: Chama ni nini hasa? Majibu hayachelewi. Mmoja husema Chama ni itikadi yake, mwingine husema ni viongozi wake, wa tatu husema ni Katiba na kadi. Majibu yote hayo yana ukweli ndani yake, lakini yanakwepa kiini cha swali. Itikadi yaweza kuandikwa kitabuni na kitabu kikafungiwa kabatini. Viongozi hubadilika. Kadi yaweza kununuliwa asubuhi, na mwenye kadi asionekane tena mpaka msimu wa uchaguzi. Swali la msingi ni hili: mwanachama wa kawaida ana kazi gani ndani ya Chama, na ana uwezo gani juu ya wale aliowachagua?

Makala hii inalichambua swali hilo kwa kutumia mfano wa mbali, yaani Chama cha Kijani cha Ujerumani, Die Grünen. Huenda msomaji akashangaa kwa nini kada wa chama chenye historia ya ukombozi ajifunze kwa chama kilichozaliwa katika nchi ya kibepari iliyokwisha shiba. Sababu ni kwamba chama kile kilijiwekea masharti makali ya kuwadhibiti viongozi wake, kikayajaribu mbele ya macho ya watu wote, na leo matokeo yake yako wazi. Yapo yaliyoshindikana na yapo yaliyodumu. Sisi tuliolelewa na Azimio la Arusha hatuhitaji mkalimani ili tuyaelewe mambo hayo.

Chama hicho hakikuanzia ofisini. Katika miaka ya 1970 ulitolewa mpango wa kujenga mtambo wa umeme wa nyuklia katika kijiji cha Wyhl, kando ya mto Rhine, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Wakulima wa zabibu wa eneo hilo waliogopa kwamba mvuke wa mtambo ungeharibu hali ya hewa ya mashamba yao. Wakaungana na wenzao wa ng'ambo ya mto, upande wa Ufaransa, ambao mwaka 1974 walikuwa wamekalia kiwanja cha kiwanda cha madini ya risasi huko Marckolsheim ili kisijengwe. Wala umoja haukuwa wa watu wote. Kura ya wanakijiji wa Wyhl wenyewe, Januari 1975, ilikubali ardhi iuzwe kwa ajili ya mtambo. Mwezi uliofuata, Februari 18, wapinzani wa mpango waliingia kiwanjani na kusimamisha mashine. Siku mbili baadaye polisi waliwafukuza kwa mabomba ya maji. Februari 23 watu walirudi kwa maelfu, wakakaa hapo kwa miezi.

Kwa mwalimu wa siasa, jambo la kuvutia kuliko yote ni lile walilolifanya walipokuwa wamekaa msituni. Walijenga nyumba kubwa ya mbao, na humo wakaanzisha chuo chao cha umma. Mtaalamu alikuja kueleza habari za nyuklia, na mkulima aliyemsikiliza alikuwa na maswali yake kuhusu mvuke, maji na shamba. Mama wa nyumbani, mchungaji wa kanisa, mwanafunzi na mkulima walipokezana zamu za ulinzi. Watu hao hawakuwa na itikadi moja. Wengi wa wakulima walikuwa wapigakura wa chama cha kihafidhina cha CDU, na baadhi ya wanafunzi walijiita wanamapinduzi. Ushirikiano wao ulitokana na kazi, na ndani ya kazi hiyo wakafundishana. Mtambo wa Wyhl haukujengwa kamwe.

Kamati za wananchi za namna hiyo zilienea. Mwaka 1979 baadhi yao walisimamisha orodha ya wagombea katika uchaguzi wa Bunge la Ulaya, ikiongozwa na Petra Kelly, wakapata asilimia 3.2 ya kura. Viti hawakupata, lakini walijua sasa kwamba wapo. Januari 1980, mjini Karlsruhe, wajumbe wapatao 1,000 waliunda chama cha nchi nzima na kukisimika juu ya nguzo 4: kulinda maumbile, haki ya kijamii, demokrasia ya wanachama wa chini, na kukataa matumizi ya mabavu. Yafaa tuseme ukweli kwamba si wote waliofika Karlsruhe waliobaki. Herbert Gruhl, aliyekuwa mbunge wa CDU kabla ya kujiunga, aliona chama kinaelekea kushoto mno, akaondoka na wenzake. Ushirikiano una mipaka yake, na chama kinachotaka kumbakiza kila mtu mwisho hakina la kusema.

Sasa tutazame masharti yenyewe. Machi 1983 Chama cha Kijani kilipata asilimia 5.6 ya kura, kikavuka kizingiti cha asilimia 5 na kuingia Bungeni kwa mara ya kwanza. Wanachama walikuwa na hofu moja kubwa: kwamba wabunge wao wangegeuka tabaka jipya la wakubwa. Basi wakaamua mbunge akae miaka 2 tu, kisha ampishe mwenziwe aliyekuwa akifanya naye kazi katika ofisi hiyo hiyo tangu mwanzo. Wakaamua vilevile kwamba mbunge ajibakizie posho inayokaribia mshahara wa fundi, na kinachozidi kiende katika mfuko wa kusaidia kamati za wananchi. Mtu asishike wadhifa wa chama na ubunge kwa pamoja. Mikutano ya chama, na hata ya wabunge wake, iwe wazi.

Msomaji atakuwa ameona jamaa ya masharti hayo na yale ya Azimio la Arusha la 1967, yaliyomkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kumiliki hisa au kupangisha nyumba. Mazingira ni mbalimbali kabisa, lakini adui aliyelengwa ni mmoja: kiongozi anayeishi maisha yasiyofanana na ya wale aliopewa dhamana ya kuwaongoza.

Je, masharti hayo yalifanya kazi? Kwa sehemu. Lile la kupokezana kila miaka 2 lilileta taabu upesi. Mbunge alikuwa ndiyo kwanza anaufahamu mswada na taratibu za kamati, wakati wake ukawa umekwisha. Maofisa wa serikali na wawakilishi wa makampuni makubwa, ambao hawakuwa na zamu ya kupokezana, walibaki na maarifa yao. Isitoshe, wananchi walikuwa wamezoea sura na sauti. Petra Kelly, aliyejulikana dunia nzima kwa kampeni za amani, alikataa kumpisha mwenziwe zamu ilipofika mwaka 1985. Chama kikajikuta kinagombana na mtu aliyekifanya kijulikane. Kwa maoni yangu Kelly alikosea kuvunja ahadi aliyoikubali, na chama nacho kilikosea kudhani kwamba muda mfupi wa kazi ni sawasawa na udhibiti. Mtu aweza kuwa mkubwa asiyeambilika ndani ya miaka 2, na aweza kubaki mtumishi wa watu kwa miaka 20. Kinachomdhibiti ni hesabu anayoitoa, na kuwapo kwa watu wenye kazi na maarifa ya kuidai.

Udhaifu mwingine ulikuwa mgogoro wa kambi 2. Moja ilitaka chama kibaki nje ya serikali kikipinga mfumo mzima. Nyingine ilitaka kishirikiane na chama cha SPD na kutumia madaraka. Mwaka 1985 kambi ya pili ilipata nafasi katika jimbo la Hesse, ambako Joschka Fischer aliapishwa kuwa waziri wa mazingira akiwa amevaa raba miguuni. Kambi hizo zilipigana hadharani kwa miaka. Kumbuka kwamba wakati huo chama hakikuwa na wanachama hata 50,000, wakati SPD ilikuwa nao zaidi ya 900,000. Kwa idadi ndogo namna hiyo, wanachama mia chache wenye subira ya kukaa mkutanoni mpaka usiku wa manane waliweza kuamua mambo kwa niaba ya wote. Hili ni gonjwa la demokrasia ya mikutano ambalo watetezi wake hawapendi kulitaja. Mama mwenye watoto na mfanyakazi wa zamu ya alfajiri huondoka mapema, na uamuzi hupitishwa baada ya wao kuondoka.

Desemba 1990, katika uchaguzi wa kwanza wa Ujerumani iliyoungana, Grünen wa upande wa Magharibi walipata asilimia 4.8 ya kura za upande wao na kutupwa nje ya Bunge. Wananchi walikuwa wakizungumza juu ya kuungana kwa nchi yao, na chama kilisisitiza kuzungumza juu ya hali ya hewa duniani. Jambo lenyewe lilikuwa sahihi, kama dunia ya leo inavyoshuhudia, lakini chama kilichozaliwa kwa kuwasikiliza wakulima wa zabibu kilikuwa kimeacha kusikiliza. Mwaka 1991 sharti la kupokezana, ambalo lilikuwa limekwisha kulegezwa, liliondolewa kabisa. Mwaka huo huo, Zanzibar, Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ililegeza masharti ya uongozi ya Azimio. Sidai kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano. Yalikuwa majira ya namna moja, na kada anayetaka kuielewa miaka ile hana budi kuyatazama pamoja.

Lakini si kila kitu kiliondolewa. Mwaka 1986 wanachama wanawake walikuwa wamepata kanuni ya kwamba angalau nusu ya nafasi zote za uongozi na za ugombea ziwe za wanawake. Kanuni hiyo imedumu hata vyama vingine vya Ujerumani vikalazimika kujibu. Uongozi wa watu wawili badala ya mwenyekiti mmoja umebaki pia. Mwaka 1993 Grünen waliungana na Bündnis 90, muungano wa wananchi wa Mashariki waliokuwa wamepambana na utawala wa huko. Mwaka 1998 wakaingia katika serikali ya nchi, na mwaka uliofuata wakapata mtihani mkubwa kuliko yote: chama kilichokataa mabavu kikawa kinashiriki katika vita vya NATO huko Kosovo. Mkutano maalumu uliitishwa Bielefeld, Mei 1999. Mpinzani mmoja alimrushia Fischer, sasa Waziri wa Mambo ya Nje, mfuko wa rangi nyekundu na kumjeruhi sikio. Fischer alihutubia hivyo hivyo na wajumbe wengi wakamuunga mkono. Wanachama wengi walikihama chama. Waliobaki waliiona sheria ya kufunga mitambo ya nyuklia ikipitishwa mwaka 2002, na baada ya kusogezwa mbele na kurudishwa nyuma na serikali mbalimbali, mitambo 3 ya mwisho ilizimwa Aprili 15, 2023.

Karibu na kwetu, Kenya, tunao mfano unaotufunza upande wa pili. Profesa Wangari Maathai alianzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani mwaka 1977, na vikundi vya akina mama vikapanda miti kwa mamilioni. Mwaka 1989 aliongoza upinzani dhidi ya ghorofa refu lililokusudiwa kujengwa katika Bustani ya Uhuru, Nairobi, na ghorofa halikujengwa. Mwaka 2002 watu wa Tetu walimpeleka Bungeni kwa kura karibu zote, na mwaka 2004 alipata Tuzo ya Amani ya Nobel. Hata hivyo chama cha kijani alichokiasisi, Mazingira, kilibaki kidogo, na uchaguzi wa 2007 haukumrudisha Bungeni. Vikundi vya miti vilikuwa na kazi, mafunzo na hesabu zake, lakini havikuwa matawi ya chama. Mama aliyelea miche kitaluni hakuwa na kikao ambamo angemwuliza mgombea swali.

Hapa ndipo urithi wetu unapotuhusu. Januari 1962, wiki chache baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere aliuacha Uwaziri Mkuu akaenda kuijenga TANU kwa wanachama. Mashina ya nyumba kumi yaliyofuata yalikuwa na shabaha ya kuwa na njia ya kupanda na njia ya kushuka. Mwongozo wa 1971 ulipokemea kiburi cha viongozi, wafanyakazi viwandani waliusoma na kuutumia papo hapo. Njia ya kushuka haijawahi kuziba. Kwa hiyo kada anayetumwa kukagua tawi asianze na idadi ya kadi zilizouzwa. Aombe kitabu cha mihutasari, atafute uamuzi uliopendekezwa na mwanachama asiye na cheo, auandame mpaka wilayani, kisha aulize jibu lilirudi tarehe gani.