Gawa, Gawia, Gawanya: Lugha ya Hesabu kwa Watoto Wadogo

Katika matendo manne ya hesabu, kugawanya ndiko kufundishwako mwisho, na walimu wengi hukuona kuwa ndiko kugumu kupita kote. Sababu zitolewazo ni nyingi. Hapa nakusudia kuitazama moja tu, nayo ni ya lugha. Mfano wangu ni Terrat, kata iliyo upande wa kusini wa Jiji la Arusha. Huko wako watoto wafikao Darasa la Kwanza na Kimaa cha nyumbani, wakajifunza Kiswahili na hesabu kwa wakati mmoja. Kwa kuwa Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali tangu mwisho wa miaka ya 1960, mtoto wa namna hii asipoifahamu sentensi huandikiwa kosa la hesabu, na baada ya makosa kadhaa huitwa mzito wa akili.

Tuanze na kitenzi chenyewe. Shina ni gawa. Mwenye kitu hugawa. Akimpa mtu sehemu yake, humgawia. Watu wakipeana sehemu wao kwa wao, hugawana. Kutokana na gawana twapata gawanya, yaani kufanya vitu viachane katika mafungu, kama vile ona ilivyozaa onya, na pona ikazaa ponya. Basi gawanya, neno lipendwalo na vitabu vya hesabu, ndilo lililo mbali zaidi na mtoto. Halimtaji apewaye. Gawia humtaji tu, bali humdai: ukisema "wagawie" ni lazima pawe na watu wanaongoja, na mtoto huwaona.

Sasa tazama sentensi mbili. Ya kwanza: "Una viazi 12, wagawie watoto 3 sawasawa." Kila mtoto apata vinne. Ya pili: "Una viazi 12, wagawie watoto vitatu vitatu." Watakaopata ni watoto wanne. Vitabuni zote mbili huandikwa namna moja, 12 ÷ 3 = 4, nasi tuliozoea twaona ni hesabu moja. Kwa mtoto ni kazi mbili mbalimbali. Katika ya kwanza ajua idadi ya watu, atafuta fungu la kila mmoja, na mikono yake huzunguka ikitoa kimoja kimoja mpaka viazi viishe. Katika ya pili ajua fungu, atafuta idadi ya watu, na mikono yake huteka vitatu kwa mara moja. Walimu wa nchi nyingine pia huzitenga kazi hizi mbili, lakini Kiswahili kina bahati ambayo Kiingereza hakina: jibu lenyewe hutamka ni lipi. Vinne ni viazi. Wanne ni watoto. Tena kurudia hesabu, "vitatu vitatu", kwatosha kueleza kila mmoja apata kiasi gani pasipo neno jingine.

Bahati hiyo hupotea mara tu tusemapo "kumi na mbili gawanya kwa tatu". Neno kwa lina kazi nyingi mno. Twampeleka mtoto kwa mjomba, twakata kwa kisu, twauza nyanya kwa fungu. Hiyo "tatu" ni watu watatu, au ni fungu la tatu? Mwalimu hajibu, kwa sababu hajaulizwa. Baadaye, ifikapo hesabu ndefu, husikika "tatu kwenye kumi na mbili inaingia mara ngapi?" Hapo tumehama kimyakimya kutoka kazi ya kwanza hadi ya pili, na mtoto aliyekuwa bado anawagawia watu hujikuta ameachwa njiani.

Kwa mtoto wa Terrat kuna jambo la zaidi. Kimaa hugawa majina kwa uume na uke, ol- na en-; hakina ngeli kama zetu. Tofauti ya vinne na wanne, iliyo wazi kwa mtoto wa Pangani, kwake yeye ni jambo geni. Hata jirani yake wa miteremko ya Meru, asemaye Kimeru, ana nafuu, maana lugha yake ni ya Kibantu na ngeli anazijua tangu nyumbani. Kwa hiyo upatanisho huo yafaa ufundishwe makusudi, ndani ya somo la hesabu, wala usingojee somo la Kiswahili.

Hapo uchaguzi wa vitu na tarakimu huwa na maana. Vijiti, vizibo na viazi vyafaa, kwa kuwa ngeli yao husikika. Mbegu na kalamu hazifai mwanzoni: "mbegu tatu" haina kiambishi cha kumwongoza mtoto. Vivyo hivyo majibu ya kwanza yawe 2, 3, 4, 5 au 8. Sita, saba na tisa, maneno yaliyotoka Kiarabu, hayapokei viambishi, wala kumi haipokei ingawa ni yetu. Ukianza na 18 gawanya kwa 3, jibu "sita" halisemi kama ni viazi au ni watoto.

Kuhusu baki sina mengi. Viazi 14 kwa watoto 4: kila mmoja vitatu, vyabaki viwili. Mtoto atauliza vya nani. Swali hilo ni zuri, na mwalimu asimkemee.

Istilahi za madarasa ya juu zangoja. Kigawo ni kile kigawacho bila baki, na kigawe ni kile kigawikacho. Tofauti yao ni irabu moja ya mwisho, nami naona waliotunga waliwaonea watoto. Nusu na robo mtoto anazijua kwa saa na kwa nyama ya bucha. Thuluthi haijui. Watu wa pwani walikuwa na vipimo vilivyomfundisha mtoto kugawanya kabla hajaingia darasani: pishi moja ni visaga viwili, na kisaga ni vibaba viwili. Kwenye magulio ya Arusha kilichopo ni debe na kopo, na mwalimu aweza kuanza na kuwauliza watoto makopo mangapi hujaza debe moja.