Utafiti Huu Utatusaidia Nini?

Siku hizi si ajabu kumwona kijana wa chuo akipita nyumba kwa nyumba na makaratasi yake. Anauliza: watoto ni wangapi, wako darasa la ngapi, nyumbani mna redio au televisheni, mtoto anatazama nini? Mama ana maharage jikoni na shamba linamngoja. Anajibu kwa adabu, lakini moyoni anasema, "Maswali yote haya yatatusaidia nini sisi?"

Hapa kwetu Mbebe, wilayani Ileje, swali hilo tumelisikia kliniki na hata baada ya ibada. Ni swali la haki. Tulijibu basi kwa kutazama jambo moja linaloingia katika nyumba nyingi: televisheni na akili ya mtoto.

Je, televisheni inafundisha au inaharibu?

Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini huku Bara vituo vilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Kwa hiyo wengi wetu tulilelewa na redio na hadithi za bibi. Hatukuachiwa mfano wa kumlea mtoto mbele ya televisheni. Ndiyo maana baadhi yetu huiogopa kabisa, na wengine huifanya yaya wa kumtuliza mtoto tangu asubuhi hadi usiku.

Watafiti hawakuridhika na kubahatisha. Mwaka 2010 Dina Borzekowski na Jacob Macha walitoa matokeo ya utafiti wa kipindi cha Kilimani Sesame, kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto wa Tanzania. Waliwafuata watoto 223 wa Kisarawe na Dar es Salaam kwa wiki sita. Watoto waliokifuata zaidi kipindi hicho na kukielewa walipiga hatua katika herufi, hesabu na hata katika kujua habari za malaria. Sisi wauguzi, tunaohubiri chandarua kila siku, hilo lilitufurahisha.

Kisha likaja kundi la Ubongo la Dar es Salaam, lililoanza kuonyesha Ubongo Kids mwaka 2014. Hiki ni kipindi cha katuni kinachofundisha hisabati na sayansi kwa Kiswahili, kwa hadithi na nyimbo. Kwa watoto wadogo walitengeneza Akili and Me, habari za msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Mwaka 2018 Borzekowski alitoa matokeo ya utafiti wa watoto 568 wa shule za awali mkoani Morogoro. Baadhi walitazama Akili and Me kwa wiki nne, wengine walitazama vipindi vingine. Waliotazama Akili walisonga mbele zaidi katika kuhesabu, kutambua namba na maumbo, na kuchora.

Angalieni hapo, akina mama. Watoto wote walikaa mbele ya televisheni. Tofauti ilikuwa kile walichokitazama.

Majibu ya mama yalivyofika Cambridge

Je, yale maswali ya mlangoni? Tanzania ina mpango uitwao Uwezo. Vijana wa kujitolea hupita kaya kwa kaya, huwapa watoto majaribio ya kusoma na kuhesabu ya kiwango cha darasa la pili, na kuuliza habari za nyumbani. Joe Watson, akiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alizichukua takwimu hizo. Pamoja na walimu wake, Sara Hennessy na Anna Vignoles, alilinganisha watoto waliotazama Ubongo Kids na wasiokitazama. Matokeo yalichapwa mwaka 2021: waliotazama waliweza hesabu zaidi kidogo.

Tunasema "kidogo" kwa makusudi. Kipindi cha televisheni hakiwezi kushika nafasi ya mwalimu, la hasha. Lakini kipindi kimoja huwafikia watoto wengi mno kwa mara moja, hivyo gharama kwa kila mtoto huwa ndogo sana. Kwa nchi yenye madarasa yaliyojaa, faida hiyo si ya kudharauliwa. Na msingi wake ulikuwa majibu ya mama fulani aliyekubali kusimamisha kazi yake kwa dakika chache.

Nyumbani tufanye nini?

Kwanza, tuchague kipindi kabla ya kuwasha. Televisheni ikiwashwa bila mpango, mtoto hula chochote kilichopakuliwa.

Pili, tupime muda. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto aliye chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya televisheni wala simu. Mwenye miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mtoto mdogo anahitaji kukimbia, kulala vya kutosha na kuongea na watu.

Tatu, tukae naye. Watoto wetu wengi wa Ileje huanza na Kindali, Kilambya au Kimalila, na Kiswahili cha kwenye katuni huwapita haraka. Mama akirudia jambo lile kwa lugha ya nyumbani, somo linakaa. Kipindi kikiisha, mpe mahindi kumi ayahesabu, umwombe mawili, kisha umuulize yamebaki mangapi. Asiye na televisheni asijione amepungukiwa: mahindi hayo hayo, hadithi na nyimbo humfundisha mtoto pia.

Na mtafiti akibisha hodi?

Tumkaribishe, lakini kwa macho yaliyo wazi. Mwanafunzi wa kweli huja na barua ya chuo chake, naye hupitia kwanza kwa viongozi wa kata na kijiji. Mwombe aseme jina lake, anatafuta nini, na majibu yako yatatunzwaje. Una haki ya kukataa swali lolote, au kukataa yote, bila kunyimwa huduma yoyote. Mtoto wako asihojiwe wala kupimwa bila ruhusa yako. Tena mwambie wazi: ukimaliza, urudi utueleze ulichokipata. Elimu iliyochumwa kijijini kwetu nasi tuionje.

Ukikubali, basi sema kweli. Kama mtoto wa darasa la tatu hajui kutoa wala kujumlisha, usimfunike kwa aibu. Fundi hawezi kuziba bati ambalo hakuambiwa kwamba linavuja.